Vumbi la Kiangazi na Kiyoyozi cha Ukutani: Mwongozo kwa Mkazi wa Tabora

Chukua viyoyozi vitatu vya aina moja, vya kiwanda kimoja, kimoja ukifunge Bagamoyo, cha pili Tabora, cha tatu Ujiji. Yaani mwanzo, katikati na mwisho wa njia ile ya misafara ambayo katika karne ya 19 ilipitisha nguo, shanga, pembe za ndovu na watumwa. Baada ya miaka michache vyote vitatu vitakuwa taabani, lakini kila kimoja kwa ugonjwa wake. Cha Bagamoyo kitakuwa kimeliwa na chumvi ya bahari, mgongo wake umejaa kutu na vibati vyake vya alumini vimeota unga mweupe. Cha Ujiji kitakuwa kinanuka ukungu kwa unyevunyevu wa Ziwa Tanganyika. Cha Tabora kitakuwa kikavu, hakina kutu wala harufu kali, ila hakipumui: kimekabwa na vumbi. Ajabu ni kwamba vyote vitatu vilikuja na kijitabu kimoja cha maelekezo, chenye ratiba moja ya kusafisha. Hoja ya mwongozo huu ni kwamba ratiba hiyo haikutungwa kwa ajili ya Tabora, kwamba ya Tabora inapaswa kupangwa na majira ya mvua na kiangazi, na kwamba sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni ya mwenye chumba, wala haihitaji kumngoja fundi.

Kwanza tujue tunazungumzia mashine gani. Siku hizi wengi hununua kile cha vipande viwili, kimoja ndani na kimoja nje, lakini katika ofisi, maduka ya dawa na nyumba za wageni za zamani bado kipo kile cha kipande kimoja kilichopachikwa katika tundu la ukuta, uso ndani na mgongo nje. Ndani ya kasha hilo moja mna feni ya mbele inayovuta hewa ya chumbani kupitia chujio, ikaipitisha kwenye koili ya baridi na kuirudisha. Na mna feni ya nyuma inayopuliza koili ya moto ili joto lililotolewa chumbani litupwe nje. Hapa pana jambo ambalo mafundi wengi hulipita. Kiyoyozi kilichotengenezwa kwa ajili ya ukuta huvuta na kutoa hewa kwa mgongo peke yake. Kile kilichotengenezwa kwa ajili ya dirisha kina matundu ubavuni pia, na hayo ndiyo yanayoingiza hewa ya kupoza koili ya nyuma. Ukikitia cha dirishani katika ukuta mnene, matundu ya ubavuni yanazibwa na tofali na mashine inabaki kuvuta joto lake yenyewe. Tabora haina uhaba wa kuta nene: yako majengo mjini yaliyoanzia enzi ya Wajerumani, ambao reli yao ilifika hapa mwaka 1912. Kwa hiyo kabla ya kuhangaika na usafi, toka nje ukatazame ubavu wa kasha lako. Kama una matundu na yamemezwa na ukuta, hakuna kuosha kutakakokisaidia mpaka kisogezwe nje au tundu lipanuliwe.

Sasa kuhusu vumbi. Mvua za Tabora huanza kwa kawaida mwezi Novemba na kwisha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Miezi inayobaki ni kiangazi, na joto lake hupanda zaidi Septemba na Oktoba, wakati ambapo ardhi imekauka kabisa, magari yanatimua vumbi katika mitaa isiyo na lami, na moshi wa mashamba na mapori yanayochomwa unaning'inia hewani. Maana yake ni kwamba kiyoyozi kinahitajika zaidi katika miezi ile ile ambayo hewa ni chafu zaidi. Pwani sivyo: Dar es Salaam joto kali la Januari na Februari huja na unyevu, na unyevu hutuliza vumbi. Juu ya hilo, mji huu uko kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya pwani yenye joto lile lile kwa kama asilimia 13. Feni inazunguka kwa mwendo ule ule, inasukuma ujazo ule ule, lakini hewa iliyomo katika ujazo huo ni pungufu, kwa hiyo inabeba joto pungufu kila inapopita kwenye koili. Mashine ya Tabora basi inaanza kazi ikiwa imepunguziwa nguvu. Chujio lililoziba nusu, ambalo Tanga lingevumilika, hapa linamaliza akiba ndogo iliyokuwepo.

Mtu anaweza kujibu kwamba hewa kavu ni neema kwa kiyoyozi, na amesema kweli kwa upande mmoja. Willis Carrier alipobuni mtambo wake mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, shida iliyomsukuma ilikuwa unyevu uliokuwa ukiharibu karatasi, na mpaka leo sehemu kubwa ya nguvu ya kiyoyozi kilichoko pwani huishia kugeuza mvuke wa hewani kuwa maji. Septemba Tabora kazi hiyo karibu haipo. Lakini maji yale yanayotiririka kwenye koili ya pwani huisuuza pia kwa kiasi fulani, yakabeba vumbi lililopenya chujio na kulitoa nje. Koili ya Tabora haipati msaada huo kuanzia Mei hadi Oktoba. Kila chembe inayopita inakaa pale ilipotua, juu ya vibati vya alumini au ndani ya trei ya maji iliyo kavu, ikingoja Novemba. Ukame huo unaipunguzia mashine mzigo na hapo hapo unaondoa kitu pekee kilichokuwa kinaisafisha bila mkono wa mtu. Kwa hiyo lazima mkono wa mtu uwepo.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Zima kiyoyozi, kisha chomoa plagi au zima swichi yake ya ukutani. Usiridhike na kitufe cha rimoti, kwa kuwa kitufe hicho hakikati umeme ndani ya mashine. Fungua uso wa mbele, ambao kwa viyoyozi vingi hunasuliwa kwa vidole kwenye kingo, na uvute chujio, au filta kama mafundi wanavyoiita: wavu mwembamba wa plastiki katika fremu. Litoe taratibu ukiwa umelilaza, usilikung'ute humo humo chumbani. Lipeleke nje, ligongegonge kidogo, halafu lioshe kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo. Maji yapite kutoka upande wa nyuma, ule uliokuwa unatazama koili, ili yasukume vumbi lirudi lilikotoka. Ukimwaga upande wenye vumbi unalishindilia katika matundu. Kama limeshika mafuta ya jikoni au utando wa moshi, liloweke kwa dakika kumi na kusugua kwa brashi laini. Maji ya moto yanaupinda wavu, na jua la saa sita la Tabora linafanya hivyo hivyo, kwa hiyo lianike kivulini, lisirudishwe mpaka limekauka kabisa. Usiwashe mashine bila chujio hata kwa nusu saa ya kungojea likauke. Katika nusu saa hiyo koili hukusanya uchafu ambao utauondoa kwa jasho. Nusu ndoo ya maji inatosha, na maji hayo baadaye yanafaa kumwagia mti.

Ni mara ngapi? Kuanzia Julai hadi mvua za kwanza, chumba kinachotumika kila siku na kinachotazama barabara ya vumbi kinahitaji kuoshewa chujio kila wiki. Chumba cha kulala ndani ya ua wenye nyasi au sakafu ngumu kinaweza kwenda wiki mbili. Mei na Juni, wiki mbili hadi tatu. Mvua zikishika, mara moja kwa mwezi inatosha. Hii si sheria ya kukaririwa, kwani jicho lako linashinda kalenda: linyanyue chujio ulielekeze dirishani, na kama nondo za dirisha hazionekani vizuri kupitia wavu, wakati umefika, hata kama uliliosha juzi. Ujenzi ukianza jirani, au magari ya kifusi yakipita mtaani kwako, angalia kila baada ya siku tatu. Pia kuna Juni na Julai, wakati usiku wa Tabora una baridi na katika vyumba vingi mashine inazimwa kwa majuma. Watu hudhani kiyoyozi kilichozimwa hakichafuki. Vumbi linaendelea kutua, na nyigu wa udongo hupenda matundu yaliyotulia. Kifunike kwa nguo upande wa ndani kama hukitumii, na kabla ya kukiwasha tena Agosti osha chujio kwanza.

Kwa ratiba hii nasikia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba kijitabu cha mtengenezaji kinasema mara moja kwa mwezi, na mtengenezaji anaijua mashine yake. Anaijua, ila chumba chako hakijui. Anaandika kwa ajili ya nyumba ya wastani katika soko lake kubwa, na vijitabu vingi hutia pale pale maneno ya kuongeza idadi hiyo mahali penye vumbi, maneno ambayo msomaji huyaruka. Ya pili ni kwamba kuosha kila wiki kutalichakaza chujio, na la mashine ya zamani halipatikani madukani. Hofu hii ina msingi, maana vipuri vya mashine iliyokwisha kutengenezwa huagizwa mbali. Lakini wavu wa plastiki hauchakazwi na maji. Unachakazwa na maji ya moto, jua, brashi ngumu na kukamuliwa kama tambara la deki. Ukiepuka hayo manne utakaa nao miaka. Na hata ukichanika, wavu wa nailoni wa madirishani wenye matundu madogo unaweza kukatwa na kushonewa kwenye fremu ile ile ukakuvusha. Kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, ikiungua haishonwi.

Kuna kishawishi kingine, kinachotoka kwa watu waangalifu kabisa: kwa kuwa vumbi la hapa ni laini, tuongeze kitambaa juu ya chujio, au sponji, ili kisipite chochote. Usifanye hivyo. Wavu wa kiyoyozi cha ukutani umepimwa kuzuia nyuzi, nywele na vumbi la kawaida huku ukiacha hewa ipite kwa wingi, na feni yake ndogo haina nguvu ya kuvuta kupitia khanga. Hewa ikipungua, koili inapoa kupita kiasi, unyevu kidogo uliopo unaganda juu yake, na barafu hiyo inaziba njia iliyobaki. Moshi nao, uwe wa mkaa, wa pori au wa mabani ya kukaushia tumbaku kama uko Urambo au Kaliua, haukamatwi na wavu wala na khanga. Chembe zake ni ndogo mno. Dawa yake ni kutouingiza. Viyoyozi vingi vya kipande kimoja vina mtelezo mdogo ubavuni mwa uso unaofungua au kufunga kidirisha cha hewa ya nje. Kiangazi chote uwe umefungwa. Kadhalika kagua mzunguko wa kasha: pale ukuta na kasha vinapokutana pakiwa na mwanya wa kupitisha kidole, vumbi linaingia chumbani bila kuliona chujio, kisha linavutwa na mashine. Ziba kwa sponji iliyokatwa vipande au kwa silikoni, lakini usizibe tundu la maji upande wa nyuma.

Vumbi jingi linalofika kwenye chujio halikuvutwa kutoka nje, limeamshwa sakafuni. Ufagio mkavu asubuhi, kiyoyozi kikiwa kinanguruma, ni njia ya hakika ya kuhamisha uchafu kutoka chini kwenda ndani ya mashine. Zima kiyoyozi wakati wa kufagia, au afadhali piga deki kwa kitambaa chenye maji, na ungoje robo saa kabla ya kuwasha. Mwenye nyumba ya wageni yenye vyumba kumi atapata faida zaidi kwa kumwelekeza mfanya usafi jambo hili moja kuliko kwa kuongeza ziara za fundi. Wengine wataliona ni dogo mno kuingia katika mwongozo. Lakini chujio halitofautishi vumbi la barabarani na la sakafuni, linaziba kwa yote mawili.

Ukiwa na chujio mkononi, mulika kwa tochi koili iliyo nyuma yake. Inapaswa kuonekana kama mistari myembamba ya alumini iliyo wazi. Ukiona blanketi la kijivu, tumia brashi laini, ukisugua kufuata mistari inavyokwenda, juu hadi chini, kamwe si kwa kukata, maana vibati hivyo vinapinda kwa kubonyezwa na kidole. Kisha nyunyiza maji yenye sabuni kidogo kwa chupa ya kunyunyizia, uache dakika chache, urudie kwa maji matupu kwa uangalifu yasifike kwenye nyaya na vitufe. Dawa za klorini za kung'arishia nguo, ambazo wengi huziita Jiki hata zikiwa za kampuni nyingine, zinakula alumini. Ziache kwa ajili ya choo. Kazi hii haihitaji kufanywa kila wiki. Mara mbili katika kiangazi inatosha kama chujio limetunzwa, na kama halikutunzwa, hata kila wiki haitatosha.

Mgongo ni habari nyingine, na hapa ndipo ninapokubali kwamba fundi anahitajika. Koili ya nyuma haina chujio. Inapokea upepo wa nje pamoja na kila kilichomo, majani makavu ya miembe yakiwamo, na ikiziba joto halitoki, mgandamizo wa gesi unapanda, kompresa inavuta umeme zaidi na mwishowe inajikata. Unaweza mwenyewe kupiga brashi laini wavu wa nje na kutoa majani. Lakini kusafisha kwa kina kunataka mashine itolewe kwenye kasha, nayo ni nzito, ya kubebwa na watu wawili. Ndani yake mna kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme, inayoweza kukurusha hata baada ya plagi kuchomolewa. Mwache anayejua. Simama hapo hata hivyo, na umkataze kutumia pampu ya kuoshea magari, kwani presha yake inavilaza vibati vyote upande mmoja na kufunga njia ya hewa kuliko vumbi lilivyofunga. Maji ya kawaida ya mpira, yakitokea upande wa ndani kuelekea nje, yanatosha. Kuhusu nyuki, ambao mkoa huu wa asali unao kwa wingi na ambao huona tundu la ukuta kuwa mzinga uliotegwa: usiwapulizie dawa wala usiwashe feni kuwafukuza. Tabora haikosi mrina asali wa kuwahamisha jioni.

Fundi huyo huyo ndiye atakayekuambia kwamba gesi imepungua. Inawezekana, lakini sikia hoja kwanza. Gesi ya kiyoyozi haitumiki kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na kama imepungua basi pana mahali inapovujia. Kuongeza bila kutafuta tundu ni kulipia gesi itakayotoroka tena. Na dalili zinazosingiziwa gesi, yaani baridi hafifu na barafu kwenye koili, ndizo hizo hizo zinazoletwa na chujio lililoziba. Namna ya kutenganisha ni hii. Zima upande wa baridi, acha feni peke yake izunguke mpaka barafu yote iyeyuke, usiichokoe kwa kisu. Osha chujio, safisha koili ya mbele, washa tena. Barafu ikirudi juu ya koili safi yenye upepo wa kutosha, hapo mwite fundi, na umwombe atafute mvujo kabla hajafungua mtungi. Tazama pia kibati cha maelezo: mashine za zamani zinatumia R-22, gesi inayoharibu tabaka la ozoni, ambayo chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 nchi zinazoendelea, Tanzania ikiwamo, zina ratiba ya kuipunguza mpaka karibu kuimaliza ifikapo mwaka 2030. Kila mwaka unaopita itazidi kuwa adimu. Mashine nyingi mpya zina R-32, ambayo inaweza kushika moto, kwa hiyo nayo si ya kuchezewa na mtu aliyejifunza kwa kutazama.

Hadi hapa nimedai mambo mengi, na unaweza kuyapima mwenyewe kwa kipimajoto cha bei nafuu. Washa kiyoyozi kwa feni ya juu, ngoja robo saa, pima hewa inayoingia kwenye uso na hewa inayotoka kwenye matundu ya kupulizia. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 za Selsiasi ni ya afya, na katika ukavu wa kiangazi inaweza kuzidi kidogo. Usiishie kwenye namba. Weka na kiganja. Hewa ikitoka baridi mno lakini kidogo, tatizo liko mbele: chujio au koili ya ndani. Ikitoka kwa nguvu lakini tofauti ni nyuzi 4 au 5, mbele ni salama na tatizo liko nyuma: koili ya nje, gesi, au kompresa yenyewe. Kwa kipimo hiki fundi akija unamwambia pa kuanzia. Upande wa gharama, Wizara ya Nishati ya Marekani imekadiria kwamba kubadili chujio chafu kwa safi hupunguza umeme wa kiyoyozi kwa asilimia 5 hadi 15. Makadirio hayo si ya Tabora, kwa hiyo tumia mita yako ya LUKU: andika uniti zilizosomeka jioni na asubuhi kwa siku chache kabla ya kuosha, kisha siku chache baada, ukichagua siku zenye joto linalofanana na bila pasi wala jiko la umeme kuingilia. Uniti zilizookolewa utaziona katika mita yako mwenyewe.

Wapo watakaosema mjadala wote ni wa anasa, na kwamba watu wa njia ile ya misafara waliishi bila mashine. Nyumba ya tembe ya Kwihara, nje kidogo ya mji, ambako mmisionari na mvumbuzi David Livingstone alikaa miezi kadhaa mwaka 1872 akingoja wapagazi waliotumwa na mwandishi wa habari Henry Stanley kutoka pwani, ilijengwa kwa kuta nene za udongo ambazo zinapokea joto la mchana polepole. Sisi tumejenga kwa tofali la saruji la inchi 6 na bati lisilo na dari nzuri, na saa nane mchana wa Oktoba chumba hicho kinarudisha joto lote kililopokea kutoka kwa jua. Anayejenga upya na ajifunze kwa tembe, kwa baraza na kivuli cha mwembe upande wa magharibi. Lakini chumba cha chanjo, maabara ya shule na duka la dawa haviwezi kungoja nyumba mpya, wala chumba cha mgonjwa aliyelala nyumbani. Na jibu hili linaunga mkono hoja yangu: kila kivuli unachoongeza, kila pazia zito, kila dari, vinapunguza saa ambazo mashine inanguruma, na chujio linaziba kwa saa za kunguruma.

Mwenye uwezo wa kumlipa fundi mara moja tu kwa mwaka amwite mwishoni mwa Agosti, kwa ajili ya koili ya nyuma, kabla ya joto kali. Mengine yote atayamudu mwenyewe. Kinachobaki baada ya hapo ni trei. Vumbi la miezi sita limo humo, na mvua ya kwanza ikileta unyevu, maji yataanza kudondoka juu yake na kuligeuza tope litakaloziba tundu la nyuma. Ndipo utaona maji yakitiririka ukutani kwa ndani na mtu akakuambia kiyoyozi kimeharibika. Mwishoni mwa Oktoba, umeme ukiwa umezimwa, mimina kikombe cha maji polepole katika trei ya mbele, utoke nje uone kama yanadondoka. Yasipodondoka, pitisha waya laini uliofunikwa plastiki katika tundu la nyuma na urudie mpaka yatoke masafi. Weka pima maji juu ya kasha pia: linatakiwa kuinama kidogo kuelekea nje, na kuta za udongo au saruji hafifu zikichoka huliachia liiname ndani. Baadhi ya mashine huacha maji machache nyuma kwa makusudi ili feni iyarushe kwenye koili ya moto. Hayo hukauka zikifanya kazi. Ila ukikizima kiyoyozi kwa wiki nzima katika msimu wa mvua, yafute, maana mbu hawahitaji zaidi ya hapo.